Kamera Isiyotumia Filamu

Rafiki yangu mmoja, fundi viatu, ndiye wa kwanza mtaani kununua kamera isiyotumia filamu. Akatamba nayo, ingawa ilibeba picha chache tu. Siku moja akafuta picha ya pekee ya bibi yake ili apate nafasi ya kupiga picha pikipiki yake mpya.

Wiki ile ile bibi akafariki.

“Mwanangu, lete ile picha ya bibi tukaisafishe,” mama yake akamwomba mbele ya waombolezaji.

“Ipo, mama.”

Akajifungia chumbani kwa bibi, umeme umekatika, akabonyeza vitufe ovyo, huku akitamani ardhi immeze. Nyuma yake, kwenye kitanda kitupu, pakasikika mlio wa kamera ikipiga picha: kacha.

Picha mpya ikatokea kwenye kioo cha kamera aliyoishika: mgongo wake mwenyewe, ameinama, ameshika kamera hiyo hiyo.