Maji ya Makayabu na Miche ya Nyota

Nyota alikuwa mama asiyetupa kitu. Alipoloweka makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi wanaopendwa sana Kisangani, maji yake aliyabeba hadi kwenye kitalu akamwagia miche ya nyanya. Yalinuka samaki, hivyo aliamini yana nguvu.

Ncha za majani zikakauka. Kisha miche ikalala chini. Akapanda mingine, nayo ikafa. Papa Lukumani, aliyemwazima shamba kando ya mto Tshopo, alikuwa amekwisha kumwonya: mvua hizi zikipita shamba likiwa tupu, atampa mtu mwingine.

Nyota akamweleza jirani yake, Mama Jemima, aliyewahi kulea miche ya mikoko huko Muanda, mahali mto unapokutana na bahari. Jemima alichovya kidole katika maji yale, akakilamba, akacheka.

"Mama Nyota, hii haiko maji, iko muchuzi. Ukikula makayabu bila kuloweka, unasikia nini?"

"Kiu."

"Bon. Mizizi pia. Chumvi inashika maji, mizizi inashindwa kunywa."

Nyota hakukubali upesi. "Na mikoko yako? Si inaota ndani ya chumvi?"

Uso wa Jemima ukang'aa. Akasimulia jinsi mti ule unavyosimama kwenye maji ya chumvi, mizizi yake kama miguu ya kaa, mahali ambapo mwembe ungekufa. "Lakini hata yeye, akiwa mutoto, tulimupa maji ya chumvi kidogo tu. Chumvi ikizidi, anadumaa. Sasa nyanya yako ataweza wapi?"

Akamshauri asimwamini, ajaribu mwenyewe. Nyota akapanda mbegu katika makopo mawili yenye udongo uleule. Moja alilimwagia maji ya mvua, la pili maji ya makayabu. La kwanza likajaa miche iliyosimama wima. La pili likatoa vijiti vichache vya manjano.

Nyota akatupa udongo wa zamani, akajaza kitalu upya, akakinga maji ya mvua kutoka paani ya kumwagilia. Miche ilipopata nguvu, akaihamishia shambani.

Papa Lukumani alipokuja kulichukua shamba lake, alikuta mistari ya nyanya imemfika magotini. Alizunguka shamba lote, kisha akauliza ni dawa gani hiyo.

"Mvua tu, papa. Na akili ya Mama Jemima."

Mzee akavua kofia. Aliondoka na miche kadhaa iliyobaki kitaluni ndani ya kofia hiyo, na shamba akamwachia Nyota.