Nilikausha Gundi ya Taa Kwenye Asali ya Dada Yangu

Nina miaka arobaini na minne. Sina mke, sina nyumba, na mpaka leo nikisikia honi ya treni nyayo zinaniwasha. Nimeishi Tabora, Mpanda, Mwanza... kote huko nilipita tu. Kila nilipochoka nilirudi Itigi kwa dada yangu Tatu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Hakuwahi kuniuliza nitakaa siku ngapi.

Ndugu wasomaji, huyo ndiye niliyemtendea haya.

Mwanza nilijifunza kutengeneza taa za baiskeli. Unabandika vitaa vidogo vya LED kwenye kipande cha alumini kwa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya. Siri yote ni gundi. Isipopata joto la taratibu kwa saa kadhaa haikazi, na baiskeli ikipita kwenye mashimo vitaa vinabanduka.

Nilirudi Itigi wakati wa upepo wa baridi. Gundi ikagoma kukauka. Nikaweka taa juu ya jiko la mkaa... ikatoa mapovu, ikageuka njano, kazi yote ikaharibika! Nami nilishaahidi taa kumi, na nilitaka kuondoka na treni ya Jumamosi.

Dada alikuwa na joto nililolitafuta. Asali iliyoganda aliiyeyusha kwa kuweka ndoo ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, juu ya mkaa kidogo, akafunika yote kwa gunia safi. Taratibu, asubuhi mpaka mchana.

Lakini alikuwa na masharti. Asali hunyonya harufu. Aliyejipaka manukato hakusogea pale. Kitunguu hakikumenywa upande ule wa ua. Ndiyo maana akina mama wa kikundi chao cha nyuki walimpa kazi ya kunusa asali ya kila mmoja kabla ya kumiminwa kwenye pipa la pamoja. Aliyoikataa Tatu ilirudi nyumbani.

Siku moja aliiacha ndoo ya asali kwenye joto, akaenda msibani. Nikafunua gunia, nikapanga taa zangu juu ya ubao, karibu kabisa na mdomo wa ndoo, nikafunika tena. Saa nne nzima! Zilitoka ngumu kama jiwe. Ile harufu kali iliyonipiga usoni nilijiambia itaondoka na upepo.

Dada alirudi na mafua. Asali yake mwenyewe hakuinusa. Angeinusa ya nini, wakati alijua alivyoitunza? Akaimimina pipani.

Mnunuzi kutoka Singida Mjini alifungua pipa, akanusa, akafunika, akaondoka. Mavuno ya wanawake kumi na mmoja...

Kikao kilikaa uani kwetu. Mama mmoja akamwuliza dada mbele ya wote, "Mama Hamisi, pua yako imestaafu bila kutuaga?" Wengine wakacheka, cheko la uchungu. Dada aliapa hajui lolote. Wakanigeukia mimi niliyeshinda nyumbani.

"Pengine ndoo iliwahi kuwekwa mafuta ya taa," nikasema. "Dada siku hizi anasahau."

Nilisema hivyo. Mimi! Dada akasema kama mdogo wake ameona hivyo, basi itakuwa hivyo. Wakampa mwingine kazi yake.

Jumamosi nikamfungia taa moja kwenye baiskeli yake, eti zawadi, nikapanda treni.

Nilizunguka miaka miwili. Kila nilipopewa chai yenye asali niliisukuma pembeni. Mwishowe nikarudi. Nikamkuta anachambua karanga za kuuza stesheni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

Nikaanza kueleza habari ya ile asali. Akaingia ndani, akatoka na ile ndoo. Kwenye ukingo wake kulikuwa na tone la gundi, gumu, linang'aa. Aliliona akiiosha, siku moja tu baada ya mimi kuondoka.

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wenzake.

"Niwaambie ni mdogo wangu?" akasema. "Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe."

Kesho yake nilisimama mbele ya akina mama nikasema yote. Aliyemkejeli alimwomba radhi dada. Kazi ile hakuirudia. Walimrudishia, akakataa. Siku hizi akinusa asali humwuliza jirani, "Wewe unasikiaje?" Hilo ndilo nililomnyang'anya.

Wasomaji wenzangu, ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabebeshwa. Usikimbilie treni kama mimi. Je, nilidhani nakwenda wapi?

Juzi nilijaribu kulibandua lile tone kwa kisu. Halibanduki. Nililikausha vizuri mno.