Pipa la Mzee Sultani

"Ndama ametoka Mnero. Yuko kwenye Fuso ya kijani, anaelekea Ruangwa. Namtaka mzima."

Sauti ya mkuu wake wa upelelezi ilikatika kwenye kisikilizi cha sikioni. Felomena aliinamia usukani wa pikipiki yake. Alipiga gia ya tano. Boxer ikanguruma, vumbi jekundu likabaki nyuma.

Bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni, chini ya kitenge. Hakuna anayemshuku mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge.

Ndama lilikuwa jina la redioni tu. Kitu chenyewe kilikuwa pipa la chuma la lita mia mbili, lenye mhuri na namba ya kiwanda kwenye kitako.

Mwenye pipa, Mzee Sultani wa Mnero, alipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma akiwa kijana. Ndege za adui ziliwapitia juu zikimwaga dawa ya kuua majani, ili wapiganaji wakose pa kujificha. Majani yakafa. Vita vikaisha. Wapiganaji wakarudi, wakaoa, wakazaa.

Watoto wengine walikuja bila vidole. Wengine hawakusimama kamwe.

Familia saba zilifungua kesi nje ya nchi. Kampuni iliyotengeneza dawa ikaapa kwamba haikuwahi kufika huku. Kesi ingesikilizwa Jumatatu. Pipa hilo lilikuwa ushahidi pekee.

Ndiyo maana Dismas, wakala wa kampuni, alizunguka vijijini na matenki mapya ya plastiki. Toa pipa kuukuu, chukua tenki. Watu walimshukuru.

Fuso ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa chuma chakavu, Ruangwa. Pipa lilikuwa chini. Fundi alikuwa ameshawasha gesi ya kukatia chuma.

"Mama, hapa hatununui korosho," Dismas alisema.

"Nataka hilo pipa."

"La nini?"

"La kulowekea mihogo."

Dismas alicheka. Kisha akaona waya mwembamba sikioni mwa Felomena.

Kicheko kikafa. Akachomoa bastola.

"Mikono juu! Fundi, kata!"

Pembeni ya Felomena kulikuwa na mfuko wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, mdomo wazi. Hakupandisha mikono. Alichota.

Unga wa njano ukampata Dismas machoni.

Alipiga kelele na kufyatua risasi hewani. Teke moja, bastola ikaruka. Teke la pili, Dismas akala vumbi. Fundi alizima moto mwenyewe, akakaa chini na mikono kichwani.

Felomena alifunga pingu, akalipindua pipa. Namba ilisomeka yote.

"Ninalo," alisema redioni. "Dismas pia."

"Safi. Vijana wa Ruangwa wanakuja kuwachukua. Wewe rudi Mnero. Bila maelezo ya mwenye pipa, hilo ni chuma chakavu tu."

Mzee Sultani alikuwa amekaa barazani. Mwanawe Kaimu, mwenye miaka arobaini, alilala kwenye mkeka. Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

"Dada, moshi wa pikipiki yako utaniua kabla ya sumu," Kaimu alisema.

"Nyamaza, mgeni hajanywa hata maji," Biasha, mama yake, alimkemea.

Felomena alitoa fomu. "Shikamoo, mzee. Pipa ulilipata wapi?"

"Marahaba. Tuliteka ghala la Wareno. Kila mmoja alichukua chake. Mimi nilichukua pipa. Lilikuwa zuri, halina hata kutu."

"Likakaa wapi?"

"Hapo, chini ya bati," Biasha alidakia. "La maji ya mvua. Nililisugua kwa mchanga siku tatu, mwanangu, harufu ikaisha. Watoto wangu wote watano wamekunywa humo. Watatu wamekufa. Wawili ndio waliobaki: Kaimu na dada yake."

Kalamu ilisimama.

Felomena aliijua hoja ya mawakili wa kampuni kabla hawajaitamka. Hatukuwamwagia. Mlijinywesha. Akiyaandika maneno hayo, kesi inakufa. Asipoyaandika, pipa halina mwenyewe, na kesi inakufa vilevile.

Mzee Sultani alikuwa ameuona uso wake.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni waliolitengeneza, mzee."

"Sijakuuliza hao."

Kaimu aligeuza uso ukutani.

"Sijui," Felomena alisema. "Labda ndege. Labda pipa. Labda vyote. Hakuna daktari atakayeweza kuvitenganisha sasa."

Mzee alinyoosha dole gumba.

"Andika. Andika kwamba nililileta mimi."

Felomena aliandika yote, neno kwa neno. Akalipaka dole wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Kisha akalifuta kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, mpaka likatakata.

Biasha alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango.

Felomena alikunja fomu, akavaa kofia ngumu. Aliwasha pikipiki, akaondoka bila kugeuka nyuma.