Mtoto Mwenye Adresi Tatu

Mushiya hakuwa na nyumba, kwa sababu ile ya mtaa wa Kasulo ilibomolewa mwaka ule watu walipofukuzwa ili ardhi yao ichimbwe madini. Hakuwa na baba. Shimo la madini lilimfukia kabla ya nyumba kubomolewa. Mama yake alikuwa amerudi Kasai na wadogo zake. Hakuwa na kitanda, wala wa kumlipia shule. Alichokuwa nacho ni adresi tu, yaani anwani ya kuandika kwenye karatasi, kwa kuwa Mama Valérie, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Manika, alimchukua akae kwake.

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Mushiya alimshikia Mama Valérie simu. Parokia ilitaka kumsomesha mtoto mmoja wa Kasulo, na watu waliojitolea kumchagua walikuwa wapya katika kazi hiyo. Mmoja aliishi mji wa Likasi, mwingine mji wa Sandoa. Kwa kuwa barabara zilikuwa mbovu, Mama Valérie aliwatungia mafunzo ya mtandaoni. Alituma somo fupi la sauti, kisha picha ya ombi la mfano la kusomeshwa. Waamuzi hao waliliwekea alama, kati ya ishirini, na kueleza sababu.

"Mushiya, unitungie maombi mawili," alisema. "Moja ya muzuri, moja ya mubaya. Batoto ba kubuni tu, unasikia?"

Mushiya alijua kwamba yeye na rafiki yake Kanku waliomba nafasi ileile. Familia ya Kanku ililala katika ukumbi wa kanisa, baada ya kufukuzwa Kasulo, kisha mahali pengine pawili. Basi, katika ombi baya, Mushiya aliweka mtoto mwenye adresi tatu, asiye na muhuri wa shule. Katika ombi zuri aliweka mtoto wa Manika mwenye adresi moja. Alijiambia kwamba hakuandika jina la mtu.

Mama Valérie alikuwa amechoka. Aliyatuma yalivyokuwa.

Tata Omer, mfanyabiashara wa Sandoa, alijibu wa kwanza. "Mama Valérie, huyu mutoto hata kuku yake haijue fasi ya kulala. Adresi tatu? Anatudanganya. Mi namupa ine."

Wengine walicheka, wakatoa nne vilevile. Mushiya naye alicheka.

"Muzuri," Mama Valérie aliwajibu. "Sasa mumejua kazi."

Maombi ya kweli yalipofika, majina yakiwa yamefunikwa, waamuzi walifuata walichofundishwa. Mushiya alishinda. Kanku alipata nne.

Mushiya alimkuta rafiki yake nje ya ukumbi, akifunga sufuria ndani ya shuka.

"Tunapanda lori ya Sandoa, kisha Kasai," Kanku alisema. "Huku masomo imeisha."

"Mutarudi huku?"

"Kurudi wapi?" Kanku alikaza fundo. "Mi niliandika kweli tupu. Adresi zote tatu. Mama alisema nisifiche kitu, batu ba kanisa batatuelewa." Akalisukuma furushi kando. "Lakini wewe umepata. Usome na sehemu ya kwangu."

Mushiya alimsaidia kubeba furushi hadi kwenye lori. Lori likaondoka.

Tangu siku hiyo Mushiya aliacha bukari, ugali wa Mama Valérie, sahanini. Mama Valérie alipomvalisha sare mpya ili aone kama inamtosha, Mushiya alilia na kusema yote.

Mama Valérie alikaa chini, sare mkononi. Hakumpiga wala kumfokea, na Mushiya aliona afadhali angefokewa.

"Na mi niko na kosa," Mama Valérie alisema. "Nilituma bila kusoma. Leta simu."

Walitunga somo upya. Safari hii aliyezungumza ni Mushiya: "Mutoto mwenye adresi tatu alifukuzwa mara tatu. Hakudanganya. Mi ndiye nilidanganya."

Waamuzi waliyapima maombi tena. Nafasi ikawa ya Kanku, na ombi la Mushiya likaondolewa. Tata Omer alituma sauti fupi: "Na mi nilimucheka." Akaahidi kumtafuta Kanku kwenye malori, ingawa aliambiwa familia nyingi zilikwisha kupita.

Mama Valérie alimwandikia Kanku barua kwamba nafasi itamngoja mpaka shule zifunguliwe. Akampa Mushiya bahasha.

"Andika adresi."

Mushiya alishika kalamu muda mrefu. "Mama, adresi gani?"

"Unaona? Hana, na si kosa lake. Ulifundisha batu bazima kumuhukumu kwa kitu alichonyang'anywa. Wao walizani banafanya haki. Mutu akikupa kazi ya kufundisha, fundisha kweli, hata kama kweli itakunyima."

Mushiya aliandika: *Kwa Kanku, wa Kasulo.* Hapo palikuwa mahali ambapo hapakuwa tena na nyumba. Aliifunga bahasha kwa bukari kidogo badala ya gundi, akampelekea dereva wa lori la Sandoa, njia aliyopita Kanku. Dereva aliitia mfukoni bila kuisoma, akawasha gari.