Scolastica Anakula Ugali

Kijijini kwao Kakese, Getrude alijulikana kwa mapishi. Ukipita kwake mchana, hutoki bila kula. Ugali wa dona, maharage ya karanga, dagaa wa ziwani kutoka Kapalamsenga. Watu walikula wakamsifu, naye moyo ukamjaa furaha.

Lakini kwa wiki mbili sasa, binti yake Scolastica alikuwa akila bakuli la mchicha tu. Scolastica ana miaka kumi na mmoja, na ana kisukari. Hospitalini walimwanzishia sindano za insulini. Aliporudi nyumbani, majirani wakaanza kushauri.

"Ugali ni sukari," walisema. "Wali ni sukari. Mnyime, atapona."

Getrude aliwaamini. Iliuma kumwona mtoto akitazama sahani za wenzake, lakini alijikaza. Alidhani anamwokoa.

Jumamosi moja asubuhi walikuwa wakipalilia karanga karibu na nyumba. Scolastica alikuwa amechoma sindano yake, akanywa chai kavu, basi. Mara jembe likamponyoka. Mikono ilitetemeka. Jasho lilimtiririka, na jua lilikuwa bado halijawa kali.

"Mama, naona giza," alisema, akakaa chini.

Getrude alipiga yowe. Candide, nesi wa zahanati, alikuwa shamba la jirani. Alifika mbio, akamwinamia mtoto.

"Scola, unanisikia?"

"Nasikia," mtoto alijibu kwa taabu.

"Leteni maji ya sukari! Haraka!"

"Sukari?" Getrude alishtuka. "Dada Candide, unataka kuniulia mtoto? Si ana kisukari huyu?"

"Mama Scola, sasa hivi sukari yake imeshuka mno. Ikizidi kushuka atazimia!"

Baba Scola, Denis, alikuwa ameshakimbilia nyumbani. Alirudi na kikombe cha maji, ametia vijiko vinne vidogo vya sukari.

"Tunampa kwa sababu anaweza kumeza," Candide alisema. "Akizimia, msimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali."

Scolastica alikunywa chote. Baada ya kama robo saa, mikono ikatulia.

"Mama," alisema, "nina njaa."

Getrude aliangua kilio. "Nalisha kijiji kizima, halafu nimemshindisha njaa wangu wa kumzaa!"

"Hukujua," Candide alimwambia. "Twende apate chakula."

Nyumbani, Candide alimpima Scolastica sukari kwa kimashine walichopewa hospitalini, akaridhika. Kisha akachukua sahani tupu.

"Insulini inashusha sukari mwilini. Ukimchoma usimlishe, inashuka kupita kiasi. Sasa tazameni. Nusu ya sahani, mboga za majani. Robo, maharage au dagaa, yai au nyama. Robo iliyobaki, ugali, wali au kiazi."

"Kumbe ugali anakula?" Denis aliuliza.

"Anakula, ni mtoto, anakua! Ila kwa kipimo na kwa saa yake. Asiruke mlo. Tunda, moja linatosha kwa wakati mmoja. Soda aiache, isipokuwa sukari ikishuka kama leo. Na sindano msiongeze wala kupunguza wenyewe. Ulizeni kliniki."

"Basi nitampikia chake peke yake," Getrude alisema.

"Cha nini? Chakula hiki kinawafaa nyie wote."

Siku hiyo Scolastica alikula ugali. Alitafuna polepole, akitabasamu.

Toka hapo Getrude alipima ugali wa mtoto kwa bakuli lile lile kila mlo. Alipanda matembele nyuma ya jiko. Denis alilalamika kwamba mlima wake wa ugali umekuwa kichuguu, lakini wiki ya pili alinyamaza. Shuleni, Mwalimu Deusdedit aliambiwa dalili zote za sukari kushuka, na Scolastica hakukosa sukari kidogo mfukoni. Kabla ya kula alijipima, akaandika mwenyewe kwenye daftari.

Baada ya miezi mitatu walikwenda kliniki mjini Mpanda. Daktari alisoma majibu, akarudia kuyasoma.

"Sukari imekaa vizuri," alisema. "Hongereni sana. Insulini aendelee nayo kila siku."

Nje, kwenye benchi, walimkuta mama mmoja kutoka kijiji cha Mamba. Alikuwa akilia, amempakata mtoto mwembamba.

"Mwanangu kaanzishiwa insulini, na majirani wananiambia nisimpe wali," alisema. "Na sisi kwetu tunalima mpunga. Atakula nini?"

Kabla Getrude hajafungua mdomo, Scolastica alikuwa ameshakaa karibu na yule mama.

"Mama, wali atakula. Mimi nina kisukari na ninakula. Robo ya sahani tu. Mboga ziwe nyingi, na maharage. Lakini akishachoma sindano, usimwache na njaa. Mimi nilikaribia kuzimia shambani."

Aliendelea kueleza taratibu, bila kukosea, mpaka yule mama akafuta machozi. Watu wote pale kwenye benchi walikuwa wamemgeukia, wanamsikiliza.

"Jamani," yule mama aliuliza, "huyu daktari mdogo ni wa nani?"

Getrude alisimama, akakaza kitenge chake.

"Ni wangu," alisema. "Huyo nimemzaa mimi."