Pamba Chini ya Zulia

Kila alasiri, akitoka madrasa, Zamzam alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, Bi Hafswa, akavaa dera kuukuu lililojaa madoa ya grisi, kisha akapita moja kwa moja hadi uani. Baba yake, Famau, huwa kashafika kabla yake, kalala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Zamzam hakungoja kuambiwa. Alichukua msasa, akatafuta mahali penye kutu, akaanza kusugua.

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, fupi kama kobe. Liliagizwa na tajiri mmoja, na lilipokuwa linashushwa katika bandari ya Kismayu kamba ikakatika, likatumbukia majini. Lilipoopolewa, tajiri alilitazama mara moja tu, akaenda zake. Likaachwa gatini likinyewa na ndege mpaka Famau alipoliomba, akapewa, akalikokota kwa trekta hadi nyumbani kwake mtaa wa Majengo. Ndani ya buti walikuta kaa, tena kaa mkali, akamfinya Zamzam kidole. Injini ilikuwa imekufa kabisa, wakalifungia ile ya Toyota kuukuu.

Mtaa mzima ulicheka. Watu wengine, Mungu aliwapa midomo akasahau kuwapa kazi. Walisimama ukutani wakauliza kama gari hilo huvuliwa kwa nyavu au kwa mshipi. Famau hakuwajibu. Zamzam, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na hasira za watu watatu, aliwajibu wote.

Lakini gari hilo halikuwa mchezo. Famau alijifunza ufundi Mombasa, ambako ukoo wao ulikimbilia wakati wa vita. Tangu warudi Kismayu, hakuna aliyemjua kama fundi, na asiyejulikana hapewi kazi. Ndipo mfanyabiashara mmoja, Mukhtari, mwenye malori yanayobeba mizigo ya bandarini, aliposikia habari za gari lililotoka baharini. Akamwambia Famau, "Walaal, ndugu yangu, siku mbili kabla ya Idi nitakuja nilione. Kazi yako ikinipendeza, malori yangu yote ni yako. Isiponipendeza, fundi mwingine yupo."

Ramadhani iliingia, na gari likawa karibu kwisha. Likang'aa. Likawaka. Shida ilibaki moja: chini ya kiti cha dereva, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, pana tundu kiasi cha sahani. Lilitaka kukatwa na kuchomelewa chuma kipya. Mwenye mashine ya kuchomelea, jirani yao Fahmi, alikuwa amechukuliwa na kazi ya meli, naye hangerudi mpaka Idi ipite.

"Basi tutamwonyesha Mukhtari gari lenye tundu," alisema Baba.

Zamzam alitupa msasa chini. "Lenye tundu! Baba, watu watatucheka mpaka wafe!"

"Wacheke. Tundu lililo wazi ni kazi ambayo haijaisha, na kazi ambayo haijaisha si aibu. Okota msasa wako."

Aliuokota, lakini ndani alichemka. Aliona baba yake ni mtu wa kushindwa makusudi. Miezi yote ya kusugua, kucha zimekwisha, halafu aje mtu mkubwa aonyeshwe tundu!

Wiki ya pili ya mfungo, Famau aliitwa kisiwa cha Kudhaa kutengeneza injini ya boti ya wavuvi. Alimwachia Zamzam kazi ya kung'arisha milango. Siku ile ile, Waleed, kijana wa jirani ambaye baba yake ana bajaji, akachungulia juu ya ukuta.

"Abaayo, dada yangu," alisema, kwa sauti ya upole wa uongo, "nasikia gari lenu halina sakafu. Mtaliendesha, au mtatoa miguu chini mkimbie nalo?"

Zamzam alimrushia kopo. Halikumpata. Akakaa kwenye kivuli cha ukuta akilia kwa hasira, na katika kulia huko akamkumbuka babu yake.

Babu Mzamil alikuwa fundi wa vyombo vya baharini kisiwani Chovae. Likizo iliyopita alimfundisha Zamzam kukalafati: kusokota pamba, kuichovya mafuta, na kuishindilia kwa patasi na nyundo katika nafasi baina ya ubao na ubao, mpaka maji yasipate pa kupenyeza. Babu alimsifu mkono wake. Alisema wako watu wazima wasioweza kazi ile.

Zamzam akafuta machozi. Ikiwa pamba huzuia bahari nzima, kwa nini isizibe tundu la sahani?

Alichana godoro kuukuu akatoa pamba. Alikata bati la debe, akalilaza juu ya tundu, akashindilia pamba yenye mafuta kingo zote, pande zote, kwa ustadi ambao Babu angeufurahia. Juu akapaka puti ya kulainisha uso, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi, akatandika zulia. Mkono ukipita juu yake hausikii kitu. Alikuwa amefunika kombe mwanaharamu apite. Kila jioni baada ya hapo aliliosha gari ndani na nje kwa maji ya kisima, na maji ya visima vya Majengo yana chumvi.

Famau alirudi siku ile ile ambayo Mukhtari alitarajiwa, adhuhuri, kachoka, midomo imekauka kwa saumu. Akachungulia ndani ya gari. "Tundu limekwenda wapi?"

"Fahmi alirudi siku moja, akapita na mashine yake," alisema Zamzam. "Akalichomelea."

Uongo ulitoka laini, hata yeye mwenyewe alishangaa. Baba aliinua zulia, akapitisha kiganja juu ya rangi, akatabasamu. "Fahmi muungwana kweli. Na wewe umepaka rangi vizuri, mwanangu."

Zamzam alitaka kufurahi. Furaha haikuja.

Baada ya sala ya alasiri Mukhtari akafika. Alikuwa mnene, wa ndevu zilizotiwa hina, na nyuma yake wakaja majirani wote ambao hawakualikwa, Waleed akiwa wa kwanza. Mukhtari alilizunguka gari kimya. Akafungua milango, akafunga. Akasikiliza injini. Uso wake ukaanza kufunguka.

"Gari lililolala baharini huoza chini," alisema. "Juu yoyote anaweza kupaka rangi. Chini je?"

"Kutu yote tumeikata," alijibu Famau, kidevu juu. "Sakafu ni chuma kitupu, kimechomelewa."

"Mimi nina malori, Famau. Lori likikatika njiani, watu hufa. Nataka fundi ambaye neno lake linatosha. Niapie kwamba hapa chini hamna kilichofichwa, nami naondoka, kesho nakuletea lori la kwanza."

Famau hakusita hata kidogo, na kwa nini asite? Aliinua mkono wa kulia. "Walla—"

"Usiape, Baba!"

Sauti ya Zamzam ilipasuka. Watu wakageuka. Alikuwa kaweka mikono kichwani.

"Usiape. Fahmi hakuja. Ni mimi. Nimeweka pamba."

Famau aliushusha mkono polepole. Akachukua bisibisi, akainua zulia, akachoma. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Akabandua puti, akashika ncha ya pamba, akavuta. Ikatoka ndefu, imelowa, nyekundu kwa kutu, ikidondosha maji ya chumvi mchangani. Waleed alikuwa wa kwanza kucheka, kisha ua mzima ukacheka.

Mukhtari hakucheka. Alikunja uso. "Ningekaa hapo mimi, na uzito huu, barabarani," alisema. "Famau, sikujua kwamba kwako gari hushonwa kama godoro." Akageuka, akaenda zake.

Famau aliwafukuza majirani uani, akalibamiza lango. Akikasirika, Kiswahili cha Mombasa humpotea, akarudi kwenye Kibajuni cha mama yake, ambamo mtu huitwa mchu. "Mchu gani wewe!" alinguruma. "Nambie, ni mchu gani!"

"Nilikufanyia wewe!" Zamzam alipiga kelele, naye kapandwa. "Ulikuwa umekubali kuchekwa! Mimi sikukubali! Ningeacha waseme baba yangu hajui kazi?"

"Na sasa wanasema nini?"

Zamzam aliitazama pamba iliyolala mchangani.

"Sikiliza," alisema Famau, na sauti ilikuwa chini sasa, na chini huko kulitisha kuliko kelele. "Fundi yeyote mwingine angeniambia tundu limechomelewa, ningechukua nyundo nikagonga. Chuma kizima kina sauti yake. Sikugonga kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Umekaribia kuniacha nile kiapo cha uongo, mwezi wa Ramadhani, mbele ya watu. Umefunga chakula, Zamzam. Ulimi hukuufunga."

Hilo lilimwingia. Alikimbilia chumbani, akalia mpaka adhana ya magharibi, na hata tende ya kufuturu haikushuka.

Idi ikaja. Watoto wakapita barabarani na nguo mpya, wengine wakiiga kuvuta pamba kutoka mdomoni. Famau alitoka msikitini, akampa binti yake mkono wa Idi, lakini neno hakumpa. Zamzam aliwakasirikia watoto, akamkasirikia Waleed, akaikasirikia pamba, mpaka siku ya pili hakubaki mtu wa kukasirikiwa isipokuwa yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo hasira iliyomuuma zaidi. Akaenda uani alikokuwa baba yake.

"Baba, nisamehe. Nilisema uongo, na nilikuona huna akili, kumbe mimi."

Famau aliweka spana chini. "Uongo ulinichoma," alisema. "Lakini ulipiga kelele kabla sijamaliza kuapa. Hilo pia nimelihesabu. Vaa dera lako la kazi."

Fahmi alikuwa amerudi na mashine. Walipokata bati la debe, tundu halikuwa tena la sahani. Lilikuwa la sinia. Famau alimwonyesha kingo zinavyomeguka kwa kidole.

"Babu yako hakukufundisha vibaya," alisema. "Ubao ukilowa huvimba, ukaibana pamba, chombo kikawa salama. Chuma hakivimbi. Ile pamba imekaa inanyonya maji ya chumvi na kukilisha chuma taratibu, huku rangi juu inapendeza. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Walikata mpaka wakafika kwenye chuma kigumu. Fahmi akachomelea, Zamzam akasugua maungio. Walifanya kazi hiyo siku nyingi, na hawakupaka rangi wala hawakutandika zulia. Walipomaliza, Famau alisema, "Ingia. Tunakwenda kwa Mukhtari."

"Atatufukuza!"

"Afukuze. Tulimtaka atuamini bure, sasa tumpelekee gari alitazame."

Mukhtari aliwapokea langoni mwa yadi yake ya malori, mikono kiunoni. Famau hakumpa maneno. Alimpa nyundo. "Gonga," alisema.

Mzee yule aliinama kwa taabu, akagonga. Ngo! Akagonga pengine. Ngo! Akagonga sakafu yote, na kila mahali chuma kikajibu kwa sauti safi. Akajiinua akipangusa jasho, akataka kusema.

"Adeer," alisema Zamzam, akimwita ami kwa Kisomali. "Hujagonga hapa." Akaonyesha nyuma ya gurudumu la kushoto. "Pameanza kulainika. Nimepaona leo asubuhi nilipokuwa nikisafisha, nikaogopa kusema, baba bado hajui."

Famau aligeuka kwa ghafla, macho yamemtoka. Mukhtari akagonga hapo. Sauti ikatoka butu, kama ya kugonga boga. Akamrudishia Famau nyundo.

"Malori yangu nimeshampa fundi mwingine," Mukhtari alisema mwishowe, bado kanuna. "Limebaki moja, bovu kuliko yote. Analikataa. Lichukueni. Na nitagonga kila pahali, mnasikia? Kila pahali."

"Gonga," alisema Famau.

Njiani kurudi, gari jekundu lilipita Majengo likinguruma. Waleed alikuwa mlangoni kwao, akalisindikiza kwa macho mpaka lilipopinda. Zamzam hakumwangalia hata.

"Baba, umekasirika? Ile ya gurudumu?"

"Nilikasirika kidogo," alisema Famau. "Mtu huumia akionyeshwa kosa lake mbele ya wengine. Lakini shika neno hili, mwanangu. Kazi mbaya hutengenezwa tena, chuma kipo na mashine ipo. Neno la mtu likioza, hakuna fundi wa kulichomelea, isipokuwa yeye mwenyewe, siku baada ya siku, akisema kweli hata inapomuuma. Leo umeanza. Usiache."

Asubuhi yake lori likaletwa uani, kweli bovu, limelegea kila kona. Zamzam aliingia chini yake kwa nyundo kabla ya baba yake, na kila aliposikia sauti butu alipiga kelele mpaka barabarani wakasikia: "Hapa pameoza, Baba! Na hapa pia!"