Kodi ya Chumba cha Mbele

"Laki mbili na nusu, kuanzia mwezi wa tisa," alisema Bi Tabu bila kutoa macho kwenye televisheni. "Na ulete ya miezi sita kwa mkupuo."

Eliaichi alikuwa bado kasimama mlangoni mwa sebule ya mwenye nyumba wake, viatu mkononi. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Mama, mwezi wa pili ulipandisha ikafika laki mbili. Wakati nahamia ilikuwa laki na ishirini. Hata miaka miwili haijaisha."

"Vitu vimepanda, mwanangu. Saruji imepanda, maji yamepanda. Kama huwezi, Temeke ina vyumba vingi."

Eliaichi akamtazama Mudathir. Alikuwa amekaa kando ya Bi Tabu, mama yake, anamenya chungwa taratibu. Mwanaume aliyemwambia wiki iliyopita tu kwamba atamuoa kabla mwaka haujaisha hakuinua hata uso.

Alimpata baadaye uani, penye kamba za nguo.

"Muda, mbona umekaa kimya vile?"

"Ulitaka nigombane na mama mbele yako?"

"Mshahara wangu ni laki nne na themanini. Kodi ikila laki mbili na nusu, nitakula nini? Bora nihame, nitafute chumba cha hadhi yangu."

Mudathir akamshika mkono. Mikono yake ilikuwa bado inanukia chungwa.

"Eli, nisikilize. Mama anakupima. Anataka aone kama wewe ni mke au ni mpangaji. Ukihama leo, kesho ataniambia, si unaona, kilichokuwa kinamweka ni chumba. Vumilia hii mara moja tu. Hela yenyewe inabaki kwenye nyumba yetu sie."

Nyumba yetu sie. Maneno hayo yalimlainisha. Alikuwa ameshalipa kikubwa zaidi kwa ajili ya kijana huyu. Tangu Pasaka, alipomwambia mama yake huko Machame kwamba atabadili dini aolewe, mama hakuwa amepokea simu yake hata mara moja.

Akakopa kazini. Duka la dawa la Mikocheni alikokuwa akiuza lilimkopesha milioni moja, akatoa na akiba yake laki tano. Hela ikatimia Jumatano. Kodi ilitakiwa Ijumaa.

Alhamisi alikuwa na mapumziko. Akaona si vibaya kuuliza bei za mtaani, angalau ajue anadhulumiwa kiasi gani. Akampigia Mwishehe, dalali anayekaa karibu na soko, mtu aliyevifahamu vyumba vya eneo lile kimoja kimoja.

"Chumba na sebule, choo ndani? Laki na ishirini mpaka laki na hamsini, sista. Kikiwa na tailzi mpya, laki na themanini, na hapo mwenye nyumba ana tamaa. Laki mbili na nusu nakupa nyumba nzima Mbagala, na uwanja wa kuanikia."

"Na wakipandisha, huwa wanapandisha kiasi gani?"

"Muungwana anapandisha elfu kumi, kumi na tano, kwa mwaka. Kwani unakaa wapi?"

"Kwa Bi Tabu. Chumba cha mbele."



"Mbona mwezi wa sita nimemwingizia mtu pale, chumba cha nyuma, vilevile kama chako? Laki na thelathini. Na mwaka huu hajapandishiwa mtu pale, sista. Nyumba ile naijua mie."

Eliaichi hakwenda kwa Mudathir. Alikwenda kwa Jenipher, jirani yake wa ukuta mmoja, mama wa watoto wawili. Bi Tabu alikuwa na mtoto wa jicho, haoni herufi ndogo, na Jenipher ndiye aliyekuwa akimsomea meseji zake.

"Jenipher, wewe unalipa ngapi?"

Jenipher aliendelea kuchambua mchele.

"Laki na ishirini na tano."

"Walikupandishia lini?"

"Mwaka jana. Elfu tano. Aliniita mwenyewe, akaniomba radhi."

"Na mie?"

Mkono wa Jenipher ukasimama juu ya ungo. Alitazama mlango, akainuka, akaufunga. Kisha akatoa simu yake. Kuna meseji aliipiga picha wiki tatu nyuma, kutoka kwenye simu ya Bi Tabu, na tangu siku ile alikuwa nayo kama kaa la moto.

Eliaichi akasoma:

"Mama mpandishie Eli mpaka 250. Hahami huyo, ananipenda mpaka basi. Mwambie miezi 6. Hiyo ndo inamalizia mahari ya Farida, mwezi wa kumi tunaoa."

Akasoma mara ya pili. Ya tatu herufi hazikukaa sawa tena.

"Farida ni nani?"

"Binamu yake. Ana duka la vipodozi Mabibo. Wameshapeleka barua ya posa, wameshajibiwa."

"Wiki tatu, Jenipher. Tunachota maji bomba moja kila siku. Umeniona nakopa."

"Dada Eli, mie nina watoto wawili na chumba cha laki na ishirini na tano. Ningesema, ningelala wapi?"

Eliaichi akamrudishia simu, akatoka.

Namba ya duka la Farida haikuwa ngumu kuipata. Simu ikapokelewa na sauti changa, ya mtu aliyelala vizuri.

"Farida? Mie naitwa Eliaichi. Napanga kwa kina Mudathir."

"Aaa, chumba cha mbele."

"Unanijua?"

"Muda ameniambia. Kwamba kuna mpangaji kampenda, analipa kodi ya matajiri wa Masaki wakati yuko Temeke. Nilimwambia basi huyo dada tumwalike harusini, maana mchango wake mkubwa kuliko wa wajomba."

Hakukuwa na ubaya kwenye sauti yake. Alikuwa anacheka tu, kama mtu anayesimulia kichekesho cha nyumbani.

Ijumaa asubuhi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilisimama mbele ya nyumba. Godoro lilikuwa limeshapanda, na jiko, wakati Mudathir alipotoka amevaa kanzu ya kwenda msikitini.

"Eli, nini hiki?"

"Nahama."

"Na kodi?"

Hakuuliza kwa nini. Eliaichi alilisubiri swali hilo, halikuja. Bi Tabu alikuwa kibarazani, uso kavu.

"Shikamoo mama. Funguo hii hapa."

"Marahaba. Weka hapo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mie sikukuahidi ndoa, mwanangu. Mie nilitaja bei, ukaikubali."

Eliaichi akahamia Mbagala, chumba na sebule, laki na kumi. Mkopo akaurudisha siku ileile.

Chumba cha mbele kikakaa kitupu. Walitaja laki mbili na nusu, watu wakacheka. Wakashuka laki mbili, watu wakaja, wakatazama, wakaondoka. Mwezi wa kumi ukapita bila harusi, kwa sababu baba yake Farida hakuwa mtu wa kupokea mahari nusunusu. Mwezi wa kumi na moja Farida mwenyewe akaacha kupokea simu.

Mwezi wa kumi na mbili Mudathir akampigia Eliaichi.

"Nimekosa, Eli. Ya Farida yalikuwa ya wazee, mie moyo wangu ulikuwa kwako. Rudi. Nimeongea na mama, amekubali laki na ishirini, na haitapanda mpaka miaka mitatu."

Eliaichi alikaa kitandani na simu sikioni. Kwa muda mfupi, kabla hajajikamata, alijiona uani pale, nguo zake na za Mudathir kamba moja.

"Chumba kimechafuka," alisema mwishowe.

"Nitakipaka rangi."

"Na bafuni tailzi zimepasuka. Weka mpya. Madirisha weka ya aluminiamu, mbu walikuwa wananimaliza."

"Nitaweka, mpenzi. Utakuja lini?"

"Jumamosi ya tarehe ishirini."

Jumatano Mwishehe akampigia kumshangaa. Alikuwa amempeleka mpangaji pale, mfanyakazi wa bandarini, ameshika kodi ya mwaka mzima mkononi, laki na arobaini kwa mwezi. Mudathir akamrudisha. Akasema chumba kina mwenyewe.

"Ni kweli unarudi, sista?"

"Mpeleke huyo mtu kwingine, Mwishehe. Mpatie pazuri."

Jumamosi saa nne simu iliita akiwa kazini.

"Eli, uko wapi? Mama kapika pilau. Gari linakuja saa ngapi?"

"Haliji."

"Unanitania."

"Sikutanii, Muda."



"Nimekopa hela za watu. Madirisha peke yake laki sita. Yule mtu wa bandarini nilimfukuza kwa ajili yako."

"Najua."

Mteja alikuwa dirishani anataka dawa ya kikohozi ya mtoto. Eliaichi akaweka simu kwenye kaunta bila kuikata, akamtafutia chupa, akamweleza vijiko vingapi kwa siku, akamrudishia chenji. Alipoishika tena simu, Mudathir bado alikuwepo, anapumua kwa kwikwi.

"Nilikupenda, Eli. Si sana, lakini nilikupenda kweli."

Kuliko yote aliyowahi kumwambia, hilo peke yake lilisikika kama si uongo. Eliaichi akatamani bora Mudathir angemdanganya tu.

"Usinipigie tena," akasema, akakata.

Akamwomba mfamasia dakika tano. Akaenda stoo, akakaa juu ya maboksi ya dripu, mikono kwenye magoti, mpaka dakika tano zilipokwisha. Kisha akarudi dirishani, ambako foleni ilikuwa imefika watu wanne.